Mtamba Aliyesubiri Gesi

Kazi yangu ni kupandisha ng'ombe kwa mkono. Nasema mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa, tuendelee. Wazee wa Gesima walicheka hadi wakachoka. Mwanamke mzima, gamubuti miguuni, glavu ya plastiki mpaka kwapani, amesimama nyuma ya ng'ombe wa watu! Mmoja alisema nimemnyang'anya dume wa kijiji ugali wake. Lakini ng'ombe wao walizaa, na ndama walipokua wakaanza kukamwa, kicheko kikageuka salamu. Wakaanza kuniita daktari. Mimi si daktari. Nina cheti na pikipiki.

Nyuma ya pikipiki nafunga mtungi wa bati wenye kuta mbili, na ndani ya mtungi kuna naitrojeni. Ni gesi, ila imepozwa mpaka ikawa maji. Ukifungua kifuniko inatoa moshi mweupe, na ukiigusa inakuunguza kwa baridi. Mbegu za madume hukaa humo, kila moja ndani ya mrija mwembamba kuliko njiti ya ufagio. Gesi ikiwepo, mbegu inaishi miaka na miaka. Gesi ikikauka, inakufa, na iliyokufa huwezi kuitofautisha na iliyo hai kwa macho. Mwenye ng'ombe hajui. Anakushukuru, anakupa chai, kisha anasubiri ndama asiyekuja.

Siku ya kwanza niliyouleta mtungi nyumbani, baba aliuzunguka mara kadhaa kabla ya kuuliza.

"Huku ndani mko na nini?"

"Hewa, tata."

"Hewa hii?" Akapunga kiganja mbele ya uso wake.

"Hii hii."

"Na mnanunua?"

Tunanunua, nikamwambia. Kuna makampuni makubwa duniani ambayo kazi yao ni kuvuta hewa, kuipoza na kuigawa. Oksijeni inapelekwa hospitalini na kwa wanaokata vyuma, naitrojeni inaletwa kwetu na kwa wanaogandisha vyakula. Hawalimi wala hawachimbi. Wanavuna kinachopita juu ya paa la kila mtu, kisha wanagombania wateja. Baba akafikiri, akasema aliyeanzisha biashara hiyo hakuwa mjinga.

Baba alinionea fahari, na hiyo fahari ndiyo iliyotuponza. Nitaeleza.

Dada yangu mkubwa aliolewa ng'ambo ya bonde, upande wa pili wa mto. Mumewe, shemeji yangu, ni mtu mpole anayechuma majani chai na kukaa kimya. Ng'ombe wa mahari alileta wote isipokuwa mmoja. Kwetu, mzazi haendi kuketi wala kula katika nyumba ya binti yake kama ng'ombe hawajaisha. Siku hizi wengi hufumba macho. Huyu anakwenda kuona mjukuu, yule anapitia tu kuomba maji, na mambo yanaisha. Baba hakufumba. Ni mzee wa kanisa, Sabato haimkuti na jembe mkononi, na katika mila pia alikuwa hivyo hivyo. Neno likishatoka halirudi.

Na huyo ng'ombe wa mwisho, baba alimtaka kwa namna yake. Shemeji alikuwa tayari kununua mtamba sokoni. Baba akakataa mbele ya wazee wote, huku akinitazama mimi.

"Nitapokea mtamba wa mbegu ya mtoto wangu," alisema. "Huyu hapa anazalisha ng'ombe za watu wote, na zangu zitoke soko?"

Wazee wakapiga makofi. Nami nilicheka kwa furaha, sina haja ya kuficha. Mpango ukawa kwamba ng'ombe wa shemeji apandishwe na mimi, kwa mbegu iliyochambuliwa, ile ambayo karibu kila mara huleta jike, na ndama akiachishwa aje kwetu. Siku hiyo baba angevuka mto, aketi kwa binti yake, ale. Lilikuwa jambo la kama miaka miwili. Nani alikuwa na haraka?

Kisha dada akaanza kukwamwa na chakula kooni. Kwanza ugali, baadaye hata ndizi iliyopondwa. Sisi watu wa huku tunaujua ugonjwa huo. Kila ukoo una mtu aliyeondoka nao. Hospitalini Kisii walitumbukiza mrija wenye taa, wakatazama, wakatuambia ni saratani, na kwamba imekwisha kusambaa. Dada alinitazama akasema, "Usimwambie tata vile wamesema. Mwambie tu akuje."

Nilimwambia baba aje, na nilimwambia pia walivyosema, maana sikuwa na subira ya kumficha. Aliketi juu ya kigoda nje ya zizi. Kisha akasema, "Huyo ng'ombe akishika mimba tu, nitakwenda. Sitangoja ndama. Mimba inatosha."

Kwake hiyo ilikuwa huruma kubwa, na sitamnyima haki yake. Alikuwa amekunja mila kadiri alivyoweza. Nikatoka pale nimeshikilia neno hilo: mimba tu. Na mimba ndiyo kazi yangu.

Sasa lazima niseme habari ya gesi, kwa sababu bila hiyo hakuna kitakachoeleweka.

Kwa muda mrefu gesi ililetwa Kisii na kampuni moja. Lori lake lilitoka bohari ya Kisumu kila wiki, likasimama mjini, nasi wapandishaji kutoka Kiogoro, Tabaka, Nyamira na kwingineko tukapanga foleni na mitungi yetu. Bei ilikuwa ya kuumiza, ila lori lilikuja hata mvua ikinyesha mawe. Tulilalamika, tukajaza, tukaenda zetu.

Halafu ikaja kampuni ya pili. Ilimtuma wakala mwenye shati lililopigwa pasi na maneno matamu. Alituita hotelini, akatulisha kuku, akatupa kofia. Bei yake ilikuwa karibu nusu ya ile ya kwanza. Zaidi ya hapo, alitupa mitungi mipya bure, mizuri, isiyovujisha baridi upesi, kwa sharti moja kwamba isijazwe gesi ya mtu mwingine yeyote. Mwenzangu mmoja wa Tabaka, mtu wa maneno machache, alisema, "Rahisi huvunja upishi." Tukamcheka. Yeye mwenyewe akachukua mtungi.

Kampuni ya kwanza ikashusha bei. Ya pili ikashusha zaidi. Kulikuwa na wiki ambazo gesi ilikuwa rahisi kuliko maziwa, na malori mawili yalisimama yakitazamana mjini, madereva wakitupigia miluzi kama makanga wa matatu. Tulijiona wajanja sana. Lori la kwanza likaanza kuja likiwa na wateja wawili, kisha mmoja, kisha likaacha kuja.

Na baada ya hapo, huko mbali kunakoamuliwa mambo, wenye kampuni ya kwanza wakainunua ya pili. Nasikia hata nchi nyingine wanafanya hivyo: wakubwa wachache wamebaki, na wale wachache nao wanamezana. Kwetu dada yangu alishindwa kukamilika kuwa mke kwa sababu ya mtamba mmoja, lakini kampuni mbili zikaoana kwa siku moja na hakuna mzee aliyeuliza mahari. Katika ndoa hiyo, mtu fulani alitazama ramani akaona njia ya Kisii haina faida. Hospitali na viwanda vya chuma ndivyo vinavyonunua kwa wingi. Wapandishaji ng'ombe wa milimani ni watu wa vijiko.

Hatukuambiwa. Lori halikuja tu.

Wakati huo nilikuwa nimeshampandisha ng'ombe wa shemeji mara moja, kwa mrija wa kwanza kati ya miwili niliyoweza kuipata. Hakushika. Hilo ni la kawaida, mbegu ya kuchambuliwa ni dhaifu. Akarudi kwenye joto, likapita kabla sijaitwa, nami nikamwambia dada asihofu, atapata joto tena baada ya wiki tatu, na mrija wa pili upo. Alikuwa akinywa uji mwepesi na maziwa kwa kijiko. Akaniuliza, "Kwa hivyo ni wiki tatu?" Nikasema ndiyo.

Wiki ya kwanza lori halikuja. Nikampigia wakala, akasema kesho. Wiki ya pili akasema kesho kwa sauti nyingine. Sisi hupima gesi kwa kuchovya kijiti cha mbao. Ukikitoa, palipoguswa na gesi panashika ukungu mweupe. Ukungu wangu ulikuwa wa vidole viwili. Nikazunguka kwa wenzangu kuomba waliobaki na kidogo tumimine pamoja, tuokoe mbegu za wote katika mtungi mmoja. Wawili walikubali, lakini chao kilikuwa cha siku chache tu. Wengine walisema mitungi yao imeshakauka, na bado niliwaona asubuhi wakitoka na pikipiki kwenda kupandisha.

"Unapandisha na nini?" nilimuuliza mmoja wao barabarani.

"Na hizo ziko."

"Hizo zimekufa."

"Wewe umeziona zikikufa?" akacheka, akawasha pikipiki.

Nilimtukana. Nilimtukana mpaka mama mmoja aliyebeba kikapu cha chai akasimama kutusikiliza. Haikusaidia kitu.

Nikapanda gari la alfajiri kwenda Kisumu, mtungi magotini. Lango la bohari lilikuwa na kufuli jipya. Nyuma ya uzio mitungi mirefu ya oksijeni ilipangwa kwa mistari, ikipakiwa kwenye lori lililoandikwa jina la kampuni ya kwanza. Nikamwona wakala wetu. Hakuwa na kofia ile wala shati la pasi. Alikuja langoni taratibu.

"Madam, sisi tulinunuliwa," alisema. "Naitrojeni ya huku imesimamishwa. Wataangalia soko kwanza."

"Soko ni mimi. Niangalie."

"Mimi pia natafuta kazi, madam."

Nilimwomba. Nilimweleza habari ya dada, mto, baba na mimba, huku najua maneno hayo yanasikika kama ya kichaa mbele ya bohari ya gesi. Alisikiliza mpaka mwisho, na nadhani alisikitika kweli. Akasema huko ndani naitrojeni haipo kabisa, tangi limefungwa, na hata angekuwa nayo, mtungi wangu ni wa kampuni ambayo haipo tena, kwa hiyo hakuna anayeruhusiwa kuujaza. Nilirudi nao Kisii ukiwa mwepesi kama debe. Usiku wa kuamkia siku ya tatu tangu nirudi, kijiti kilitoka kikavu kabisa.

Watu walinipa pole kwa methali: wapiganapo tembo, nyasi huumia. Nikawajibu kwamba nyasi huota tena mvua ikinyesha, hebu waniambie mbegu iliyokufa inaota wapi.

Ng'ombe wa shemeji akapata joto siku ile ile niliyotabiri. Alilia zizini tangu mapambazuko. Shemeji akaja kunichukua mwenyewe kwa miguu, tukaenda hadi zizini kwake.

"Shemeji, weka tu," alisema. "Labda iko na uhai kidogo."

"Haina."

"Labda."

"Haina, shemeji. Nikiweka nitakuwa nakudanganya wewe, namdanganya na huyo aliyelala ndani."

Alitaka kumpeleka kwa dume la jirani. Nilikubali, nikakimbia kuvuka mto kumuuliza baba, kwa kuwa mimba ni mimba. Baba alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Alisema hapana. Alisema alitamka mbegu ya mtoto wake mbele ya watu, na hatakwenda kwa binti yake kwa mimba ya dume la barabarani kana kwamba binti huyo ni wa barabarani. Nikapaza sauti. Sijawahi kumpazia baba sauti kabla ya siku hiyo. Nilimwambia gesi haipo Kisii nzima na hakuna ajuaye itarudi lini. Alisimama na panga lake mkononi, machozi yakimlengalenga, akasema, "Basi tuombe irudi." Mzee wa kanisa akaiombea kampuni ya gesi. Aliiombea hasa, Sabato mbili mfululizo, mbele ya waumini, Nyasae, yaani Mungu, arudishe ile gari ya hewa.

Nami nilikwenda kwa dada kila nilipopata nafasi. Alikuwa amekonda hadi pete ikawa inavaliwa kwenye kidole gumba. Sikumwambia kwamba gesi imekwisha. Aliniambia yeye. Alikuwa amemsikia mumewe akinong'ona nje.

"Mwambie tata mimi sidai ng'ombe," alisema. Sauti ilikuwa imebaki hewa tu. "Mwambie akuje akae kidogo. Hata asikule."

Nilimfikishia baba neno hilo kama lilivyotoka. Akalia, akapiga kigoda teke, lakini hakwenda. Mpaka leo nikikumbuka teke lile nashikwa na hasira ambayo sijui niiweke wapi. Mtu anayelia anajua anachopaswa kufanya.

Dada alifariki asubuhi moja ya mvua, akiwa ameegemezwa mito, uso wake umeelekea dirishani.

Siku ya mazishi baba alifika na ndugu zake. Alisimama nje ya lango la shemeji na kofia kichwani. Jeneza lilikuwa uani chini ya hema, kwaya ya kanisa imeketi, kaburi limechimbwa kando ya migomba. Baba mdogo, mwenye mdomo mkubwa kuliko wote, akatangaza kwamba mwanamke ambaye ng'ombe wake hawajaisha hazikwi kwa watu mpaka ng'ombe atembee.

Shemeji akaenda zizini, akamtoa yule ng'ombe wake mmoja, akamvuta kwa kamba mpaka langoni. Akasema, "Mchukueni huyu. Iko na mimba. Mbegu ni ile ile mzee alitaka. Nilitafuta mwingine akampandisha, na tangu hiyo siku hajarudi kwa joto."

Nilijua mara moja ni nani aliyempandisha. Ni yule niliyemtukana barabarani.

Baba akatazama ng'ombe, kisha akanitazama mimi. Mbele ya watu wote akasema, kwa sauti ya upole kabisa, "Daktari, mpime utuambie."

Mtu alinikimbilia na glavu kutoka kwenye pikipiki. Nilikuwa nimevaa nguo ya kanisani. Nikakunja mkono wa gauni, nikamshika ng'ombe mkia, nikaingiza mkono mbele ya jeneza la dada yangu. Nilisikia ng'ombe akicheua. Nilitafuta polepole, upande huu na upande ule. Mji wa mimba ulikuwa mdogo na mwembamba, hauna kitu. Hakurudi kwenye joto kwa sababu ya njaa tu, maana katika nyumba ile hakuna aliyekuwa na nguvu za kukata majani.

Nilitoa mkono.

"Hana kitu, tata," nilisema. "Ni mtupu. Ile mbegu ilikuwa imekufa kabla ya kuwekwa."

Shemeji akachuchumaa pale pale, kamba mkononi. Baba mdogo akafungua kinywa, na baba akamwinulia kiganja. "Tiga," alimwambia. Acha. Kisha akavua kofia, akampita ng'ombe, akampita shemeji, akaingia langoni. Hakumgusa ng'ombe. Hakuna aliyemwambia karibu, kwa kuwa hakuna aliyeamini macho yake. Alikwenda mpaka kwenye jeneza, akasimama, kisha akageuka akanitafuta.

"Alikuwa analala wapi?"

Nilimwongoza ndani, mkono wangu mmoja bado umevaa glavu na kinyesi, nimeuinua usiguse ukuta. Godoro lilikuwa limetolewa. Zilibaki mbao za kitanda na dirisha dogo. Baba akaketi juu ya mbao. Mvua ilikuwa imekatika, na bonde lilikuwa limeoshwa likawa wazi: mto chini, mashamba ya chai yakipanda upande wa pili, na juu yake bati la nyumba yetu, zizi letu, hata kigoda chake nje ya zizi. Alitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe alikuwa anatuona," alisema.

Ningeweza kusema hapana ili kumpunguzia uchungu, kwamba macho yalikuwa yamemwishia nguvu. Nilimwambia ndiyo, alikuwa anakuona ukitoka na lile koti lako la manjano. Nikamwambia pia alichokuwa akiniambia asubuhi nikimlisha uji: "Leo tata amechelewa kukama."